Mstari wa Chaki na Namba

Tarehe 10 Septemba 1897, kijana wa miaka 25 aitwaye George Smith, dereva wa teksi ya umeme jijini London, aliyumba na gari lake katika mtaa wa New Bond, akapanda njia ya waenda kwa miguu na kugonga jengo namba 165. Teksi zenyewe zilikuwa kitu kigeni mjini, hazijamaliza hata mwezi mmoja barabarani. Mahakamani Smith hakubisha. Alisema alikunywa glasi mbili tatu za bia. Hakimu alimtoza faini, lakini kwanza alitoa onyo ambalo bado lina uzito: polisi wana ustadi wa kumzuia farasi aliyekurupuka, ila kulizuia gari ni jambo jingine kabisa. Sheria iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1872, na ilimkataza mlevi kusimamia mahali pa watu gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe, mashine ya mvuke au bunduki yenye risasi. Mlevi ni nani? Sheria haikusema. Ilidhaniwa kwamba kila mwenye macho anamjua mlevi akimwona, na mlevi akimwacha farasi ashike njia, farasi atajua pa kwenda. Gari halijui njia ya nyumbani. Tangu siku ile hadi leo, historia ya vita dhidi ya ulevi barabarani ni historia ya kuiondoa hukumu kwenye jicho la askari na ulimi wa dereva na kuikabidhi namba. Naamini uhamisho huo ulikuwa wa haki, na kwamba Afrika Mashariki tumeufanya nusu tu.

Tazama jinsi lugha yetu yenyewe inavyouona ulevi. Tunasema amelewa, amelewa chakari, yuko bwii, yuko tilalila, ameutwika. Maneno yote hayo ni ya mtazamaji: yanaeleza kuyumba, kupayuka, macho mekundu, mdomo mzito. Kwa yule aliyekunywa chupa mbili na bado anatembea wima, anahesabu chenji yake sawasawa na kuwaaga wenzake kwa majina, tuna neno moja la upole: amechangamka. Huyo ndiye anayepewa ufunguo wa gari awarudishe wengine nyumbani. Kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kumtafutia jina baya. Mnywaji wa mbege, ulanzi au mnazi alirudi kwa miguu, na aliyechangamka aliweza kujikwaa akaumia yeye mwenyewe. Mambo yalibadilika mtu huyohuyo alipopewa tani moja ya chuma inayokimbia kilomita 80 kwa saa, huku msamiati na adabu zetu zikibaki zile za watembea kwa miguu.

Mahakama nazo zilibaki hapohapo kwa miongo kadhaa. Uingereza, aliyekamatwa alipelekwa kituoni, akaitwa daktari wa polisi. Sakafuni kulikuwa na mstari wa chaki. Mtuhumiwa aliambiwa aufuate, kisigino kikigusa vidole, kisha ageuke arudi. Aliambiwa asimame kwa mguu mmoja, aokote sarafu chini, atamke maneno yanayokwaza ulimi. Daktari alimnusa, akamtazama mboni, akaandika maoni yake. Siku ya kesi wakili aliinuka na maswali mepesi: je, mteja wangu hakuwa amechoka? Hakuwa ametetemeka baada ya ajali? Hana goti bovu tangu vitani? Wazee wa baraza, wengi wao wakiwa wanaume wanaoendesha na wanaokunywa, walijiona wenyewe kizimbani na wakamwachia. Mstari wa chaki ulikuwa na kasoro mbili zinazovuta pande tofauti. Mgonjwa wa kisukari au aliyegonga kichwa angeweza kuushindwa bila kuonja tone. Mnywaji mzoefu, aliyeufundisha mwili wake kusimama imara, aliushinda na kurudi kwenye usukani. Hukumu iliwaangukia wanyonge wa pombe, si wenye pombe nyingi.

Dalili kwamba hatari ipo kabla ya kuyumba zilionekana mapema. Mwaka 1904 jarida moja la kitabibu la Marekani lililoshughulika na ulevi lilichapisha taarifa ya ajali 25 za magari ya injini zilizoua watu, na kusema kwamba katika 19 kati yake madereva walikuwa wamekunywa pombe kali muda mfupi kabla ya ajali. Kipimo kilichohitajika kuigeuza dalili hiyo kuwa ushahidi kilikuja kutoka Sweden. Erik Widmark, profesa wa chuo kikuu cha Lund, alichapisha mwaka 1922 njia ya kupima pombe kwenye matone machache ya damu. Alichukua damu kutoka ncha ya kidole au ndewe ya sikio, akaiweka kwenye kikombe kidogo cha kioo kilichoning'inia ndani ya chupa. Chini yake, bila kugusana nayo, ilikaa asidi ya salfuriki yenye dikromati ya potasiamu, rangi ya manjano. Chupa ilifungwa, ikakaa kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa. Pombe ilipanda kutoka kwenye damu kama mvuke, ikashuka kwenye asidi na kuila dikromati. Aliyepima alichotakiwa kujua ni dikromati kiasi gani imebaki. Iliyopungua ndiyo iliyosema pombe ilikuwa kiasi gani. Katika chupa ile hapakuwa na mahali pa kuuliza kama mwenye damu ni mtu wa heshima, ana goti bovu au anaongea vizuri.

Widmark hakuishia kwenye chupa. Alionyesha kwamba pombe husambaa kwenye maji ya mwili, kwa hiyo kiwango chake kinategemea uzito wa mtu na sehemu ya mwili wake iliyo maji: kwa wanaume uwiano wa wastani ni takriban 0.68, kwa wanawake 0.55. Alionyesha pia kwamba ini huiunguza pombe kwa mwendo uleule, takriban gramu 0.15 kwa kila kilo ya damu kwa saa, wala halina haraka. Chukua hesabu yake uilete kwenye meza ya baa zetu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye pombe asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu. Mwanamume wa kilo 70 akimaliza chupa mbili haraka akiwa na njaa, hesabu inampa takriban 0.8 katika kila elfu, yaani mpakani kabisa mwa kiwango cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu ambacho nchi nyingi zimekiandika. Mwanamke wa kilo 60 kwa chupa hizohizo anafika kama 1.2. Sasa mpe yule mwanamume chupa nne, azimalize karibu na saa sita usiku na kulala. Anaanza na takriban 1.66. Saa kumi na mbili asubuhi, amenawa, amepiga mswaki, amekunywa chai ya rangi na supu, ini lake limepunguza 0.9 tu. Bado ana karibu 0.76. Kahawa imemwamsha, maji ya baridi yamempa uso wa mtu mzima, lakini damu yake bado iko baa. Hizi ni hesabu za wastani na watu hutofautiana, hilo Widmark alilijua kuliko yeyote. Lakini hakuna jicho, hata la mama mzazi, ambalo lingeiona ile 0.76.

Norway ilikuwa ya kwanza kuuingiza uelewa huu kwenye sheria. Mwaka 1936 iliamua kwamba dereva mwenye zaidi ya 0.5 katika kila elfu ana kosa, awe anayumba au hayumbi. Sweden ilifuata mwaka 1941 kwa 0.8, ikashuka hadi 0.5 mwaka 1957, na 0.2 mwaka 1990. Marekani ilipita njia nyingine. Jimbo la Indiana liliandika kiwango cha asilimia 0.15 mwaka 1939, karibu mara tatu ya kile cha Norway, kwa kuwa kamati za madaktari na wataalamu wa usalama zilitaka namba ambayo hakuna wakili angeweza kuibishia. Indiana ndiko pia kulikozaliwa mashine ya kupima pumzi. Rolla Harger, profesa wa biokemia, alitengeneza chombo ambacho mtu alipuliza puto, hewa ikapitishwa kwenye permanganati ya zambarau, na rangi ikififia pombe imejulikana. Kilikuwa kizito na kilihitaji fundi. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyetokea polisi wa jimbo hilohilo, akabuni kile kilichoitwa Breathalyzer, ambacho askari wa kawaida angeweza kufundishwa kukitumia. Damu na sindano ziliachiwa maabara. Barabarani ilitosha pumzi.

Hapo ndipo pingamizi kubwa liliposimama, na bado linasimama kila meza yenye chupa: watu hawafanani. Yupo anayelewa kwa glasi moja, yupo anayemaliza kreti na kuegesha gari kwa sentimita. Kwa nini wote wapimwe kwa namba moja? Borkenstein alilijibu kwa utafiti mkubwa kuliko wote waliotangulia, uliofanyika Grand Rapids, Michigan, mwaka 1962 na 1963. Timu yake iliwapima madereva karibu 6,000 waliopata ajali, kisha ikasimamisha na kuwapima maelfu ya wengine ambao hawakupata ajali, barabara zilezile na saa zilezile. Ulinganisho huo ndio uliokosekana. Matokeo yalionyesha uwezekano wa kusababisha ajali ukipanda wazi kuanzia kwenye miligramu 40 au 50. Kwenye 60 ulikuwa umeongezeka maradufu, kwenye 100 ulifika mara sita au saba, na kwenye 150 mara 25. Lakini utafiti ulikuwa na tundu, na wapenda chupa wakalishangilia. Waliokuwa na pombe kidogo sana, chini ya miligramu 40, walionekana kupata ajali chache kuliko wasiokunywa kabisa. Je, glasi moja humtuliza dereva? Watafiti waliozirudia takwimu hizo katika miaka iliyofuata waligundua kwamba kundi la wasio na pombe lilichanganya watu wengi wa aina tofauti, wakiwamo wasiozoea kunywa ambao kwa sababu nyingine walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Walipowagawa madereva kulingana na mazoea yao ya kunywa, ndani ya kila kundi hatari ilipanda tangu glasi ya kwanza.

Jibu hilo lina maana kubwa kuliko linavyotajwa. Ni kweli mnywaji mzoefu anahimili zaidi ya mgeni. Lakini hakuna anayemwomba awe bora kuliko mgeni. Abiria wake, na mama anayevuka barabara na ndoo kichwani, wanahitaji awe kama yeye mwenyewe akiwa hajagusa kitu, na hapo mzoefu naye anapungukiwa. Zaidi ya hayo, uwezo ambao pombe huuharibu mapema ni ule wa kujipima. Anayesema "mimi nikinywa ndiyo naendesha vizuri" huenda anasema kwa moyo mweupe. Anatoa ushahidi kwa kutumia chombo ambacho tayari kimelowa. Kwa hiyo namba haikuja kumdharau. Ilikuja kumpa kitu cha kuegemea nje ya kichwa chake, kwa kuwa kichwa ndicho chenye mashaka.

Uingereza iliukubali ukweli huu kwa shida. Waziri wa Usafiri, Barbara Castle, mwanamke ambaye hakuwa na leseni ya kuendesha, aliisukuma Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1967 huku wenye baa wakimlaani na barua za vitisho zikimfikia. Kiwango kiliwekwa miligramu 80. Kuanzia tarehe 9 Oktoba mwaka huo askari alibeba kifuko chenye bomba la kioo lililojaa chembe za manjano. Chembe zikigeuka kijani kupita alama, dereva alikwenda kituoni. Takwimu za serikali kwa miezi 12 ya kwanza zilionyesha vifo 1,152 pungufu. Mwanasosholojia wa Marekani, H. Laurence Ross, alitaka kujua kama kweli ni sheria iliyofanya kazi hiyo au ni bahati. Alitenganisha saa. Katika saa za kwenda kazini siku za wiki, ambapo baa za Uingereza zilikuwa zimefungwa, ajali hazikubadilika sana. Katika usiku wa mwisho wa wiki zilianguka kwa kishindo. Ni vigumu kupata ushahidi ulionyooka kuliko huo. Lakini Ross hakuficha sehemu ya pili. Miaka michache ikipita, faida ilianza kuyeyuka. Wazo la kupima madereva bila kuwashuku kwanza lilikuwa limeondolewa kwenye muswada, na madereva waligundua taratibu kwamba mwaka unaweza kupita, na wa pili, bila kukutana na lile bomba.

Hili ndilo pingamizi la pili, na kwangu ndilo zito zaidi: namba bila mtu wa kuisoma ni wino. Uskoti ilishusha kiwango chake kutoka 80 hadi 50 mwezi Desemba 2014. Watafiti walipolinganisha na England na Wales zilizobaki na 80, katika kazi iliyochapishwa na jarida la The Lancet, hawakuona ajali zikipungua. Wapo waliosema basi namba haina maana. Naona wamesoma vibaya. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza tarehe 17 Desemba 1982 kusimamisha madereva bila kuchagua, kwa wingi na mahali pa wazi ambapo kila apitaye anaona, na vifo vilishuka na kubaki chini. Kinachomzuia mtu ni mambo mawili yakikutana: mpaka unaojulikana, na matarajio ya kweli kwamba leo usiku, kabla ya kona ya nyumbani, atapuliza.

Afrika Mashariki ilizirithi hatua hizi zikiwa zimechanganyika. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inazungumza kwa namba, miligramu 80, kiwango kilekile cha Castle, wakati Shirika la Afya Duniani leo linapendekeza kisizidi 50. Kenya imeonyesha mgongano huo hadharani. Mwezi Desemba 2013 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ilipeleka barabarani kipima pombe ambacho Wakenya walikiita Alcoblow, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011 zenye kiwango cha pumzi. Usiku wa Ijumaa ukawa na desturi mpya: kuacha gari baa, kuchanga nauli ya teksi, na kutumiana ujumbe wa simu kuhusu mahali askari walipo. Mapema mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizibatilisha kanuni hizo kwa kuwa hazikulingana na sheria mama. Ukikisoma kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki unaona tatizo: kinamtia hatiani aliyekunywa kiasi cha kushindwa kulimudu gari lake barabarani. Kanuni zilisema kwa lugha ya chupa ya Widmark. Sheria iliyozibeba bado ilikuwa na mstari wa chaki sakafuni. Siwalaumu majaji, kazi yao ni kusoma kilichoandikwa. Pengo lilikuwa la watunga sheria, walionunua mashine na kusahau kubadili swali.

Wengi hapa watauliza kuhusu rushwa. Askari akipewa mashine, si amepewa mtego mpya wa kukusanya fedha? Hofu hiyo ina msingi wake, na ndiyo maana naitetea namba. Kosa linalokaa machoni mwa askari ndilo soko bora la rushwa, kwa kuwa hakuna wa kulihakiki: "wewe umelewa" haiwezi kupimwa tena kesho. Kipimo kinachochapa karatasi yenye tarehe, saa na kiwango kinaweza kuhakikiwa, kurudiwa kituoni kwa damu na kulinganishwa na rejista. Hakimfanyi askari kuwa mwaminifu, ila kinampunguzia nafasi ya kubuni. Wengine watasema barabara mbovu, matairi yaliyoisha na usingizi vinaua pia. Vinaua. Lakini shimo la barabarani linamhitaji dereva aliyeliona nusu sekunde mapema, na nusu sekunde hiyo ndiyo pombe inayoichukua kwanza.

Rudi kwenye ile hesabu ya saa kumi na mbili asubuhi, maana ndiyo inayotugusa zaidi sisi tunaosafiri kwa mabasi. Dereva wa basi la masafa marefu aliyelala na chupa nne hatayumba kituoni. Atawasalimia abiria, atakagua matairi, atapiga honi, na konda wake atakuapia kwamba bosi yuko sawa, tena atakuwa anasema anachokiona. Kanuni za Kenya zilimtaka dereva wa abiria awe na sifuri. Katika vituo vikuu vya mabasi Tanzania, hasa misimu ya sikukuu, askari wa usalama barabarani hupita dirisha kwa dirisha na kifaa kidogo kabla ya milango kufungwa. Dereva hapewi mstari wa kutembea wala haulizwi alikunywa ngapi. Anainama kidogo, anapuliza mpaka kifaa kilie, na abiria wa viti vya mbele wananyoosha shingo kuiona namba.